Hati ya Kasri Ina Jina la Nani?

Tulikuwa tumefika pale katika The Castle of Otranto ambapo, uani mwa kasri, chapeo ya chuma, kubwa mara mia kuliko inayoweza kumfaa mwanadamu yeyote, inamponda kijana Conrad asubuhi ya siku ya harusi yake. Darasa la jioni lilikuwa linacheka, kama linavyocheka kila mwaka ninapofundisha riwaya za Kigothi, zile za vitisho na nyumba kongwe, nami nilikuwa nimekwisha kuanza kuandika ubaoni maneno yangu ya kila mwaka: hofu, giza, yasiyoelezeka. Ndipo mama mmoja wa makamo aliyezoea kukaa karibu na mlango, ambaye kabla ya kurudi masomoni alikuwa karani katika ofisi ya wakili wa mambo ya ardhi, aliponyosha mkono.

"Samahani, mwalimu. Hati ya hilo kasri ina jina la nani?"

Wenzake waliangua kicheko kikubwa kuliko kile cha chapeo. Yeye hakucheka. Alisema kwamba katika miaka yake yote ya kazi hakupata kuona nyumba inayowasumbua watu wake huku karatasi zake zikiwa safi. Mteja huja akilalamika kuwa nyumba ina mambo, usiku kuna vishindo, watoto hawalali, wapangaji wanahama. Ukifungua jalada unakuta shangazi aliyenyimwa fungu lake, au saini ya marehemu iliyowekwa baada ya mazishi.

"Haya, mama, tutalifikia," nilimwambia, tukaendelea na somo.

Somo liliisha. Swali halikuisha.

Kwa majuma kadhaa sasa nimekuwa nikizitoa rafuni riwaya ambazo nilidhani nimekwisha kuzimaliza, nikizisoma upya kwa jicho la karani wa ardhi, na kilichonikosesha raha ni jinsi swali lile linavyojibika kwa urahisi, riwaya baada ya riwaya.

Wosia wa kughushi

Tuanze na The Castle of Otranto yenyewe, ambayo Horace Walpole aliitoa London mwezi Desemba 1764. Manfred, mtawala wa kasri, ni mjukuu wa Ricardo. Na Ricardo alikuwa mtumishi wa Alfonso, mwenye mali halisi, ambaye alikufa kwa sumu, kisha ukatolewa wosia wa kughushi uliomtaja Ricardo kuwa mrithi. Hayo tunayajua mwishoni, lakini yamekuwa yakifanya kazi tangu ukurasa wa kwanza, kwa maana chapeo iliyomponda Conrad inafanana kabisa na ile ya sanamu ya Alfonso kanisani, na aliyepondwa ni mwana pekee wa kiume ambaye Manfred alimtegemea kuendeleza jina. Marehemu anarudi kwake vipande vipande, chapeo uani, mguu katika chumba kimoja, mkono juu ya ngazi, mpaka anapokuwa mkubwa kuliko jengo na kuta zinaanguka. Ndivyo utabiri ulivyosema zamani: kasri litawatoka waliolikalia siku ambayo mwenyewe atakuwa mkubwa kiasi cha kutoenea ndani yake.

Hati halali, basi, ilikuwa na jina la mtu aliyewekewa sumu.

Kuna jambo la pili, ambalo kwa miaka mingi nimelitaja darasani kama kichekesho tu. Toleo la kwanza halikuwa na jina la Walpole. Lilidai kuwa ni tafsiri ya kitabu cha padri mmoja wa Kiitalia, kilichopigwa chapa Napoli mwaka 1529 na kupatikana katika maktaba ya familia moja kongwe ya Kikatoliki kaskazini mwa Uingereza. Watu walikipenda, na mwaka 1765, katika toleo la pili, Walpole akajitokeza na kukiri kuwa ni chake. Riwaya kuhusu wosia wa kughushi iliingia duniani ikiwa nayo ni hati ya kughushi. Na iliandikwa na mwana mdogo wa Robert Walpole, yule anayehesabiwa kuwa waziri mkuu wa kwanza wa Uingereza, akiwa katika nyumba yake ya Strawberry Hill huko Twickenham, ambayo alikuwa ameigeuza kidogo kidogo kuwa kasri la kujitungia, lenye dari za karatasi iliyofinyangwa ili zionekane kama mawe ya karne zilizopita. Nyumba ilijitafutia mababu ambao haikuwa nao.

Katika dibaji ya toleo la kwanza, yule mtafsiri wa bandia anasema kwamba fundisho la hadithi ni kuwa dhambi za baba huwapata watoto mpaka kizazi cha tatu na cha nne, kisha anasikitika kuwa mwandishi hakupata fundisho bora zaidi. Kila mwaka niliisoma sentensi hiyo kama mzaha. Safari hii niliipigia mstari.

Majibu yaliyozoeleka

Mwanafunzi akiniuliza kwa nini riwaya hizi zinaendelea kusomwa zaidi ya miaka 250 baada ya Otranto, huwa nina majibu tayari. Edmund Burke alieleza mwaka 1757 kwamba kitisho kinaleta furaha ya aina yake mradi hatari haijatufikia karibu mno. Ann Radcliffe, katika insha iliyochapishwa mwaka 1826 baada ya kifo chake, alitenga hofu ya aina mbili, ile inayoipanua nafsi na kuziamsha hisia zote, na ile inayoifinya na kuigandisha. Na yeye aliitaka ile ya kwanza. Sigmund Freud, mwaka 1919, alisema kinachotutisha kuliko vyote ni kitu tulichokijua zamani, tukakizika, nacho kikafufuka.

Ni majibu mazuri, na sina ugomvi nayo. Lakini hayaelezi kwa nini hofu hii inapenda nyumba. Bahari inatisha. Msitu unatisha, njia panda usiku inatisha, na wagonjwa wa homa wamewahi kuona makubwa kuliko ya Otranto; hata hivyo waandishi hawa, kizazi baada ya kizazi, wanarudi kwenye nyumba kubwa, kongwe, ya kurithi, yenye chumba kimoja kisichofunguliwa.

Aliyenifungua macho hapa ni mtu ambaye alikuwa akiwacheka. Katika Northanger Abbey, iliyotoka mwishoni mwa mwaka 1817, Jane Austen anamchora msichana Catherine Morland ambaye amesoma riwaya za Kigothi kupita kiasi. Anaalikwa kukaa katika nyumba kongwe, usiku wa dhoruba anafungua kabati akitarajia kukuta muswada wa siri, na asubuhi anagundua kuwa karatasi alizozikuta ni hesabu za dobi. Hapo ndipo wengi wetu tunapoishia kusimulia. Tunasahau kwamba baadaye Jenerali Tilney, mwenye nyumba ile, anamfukuza Catherine alfajiri, peke yake, bila mtu wa kumsindikiza safari ndefu ya kurudi kwao, kwa sababu amegundua kuwa msichana huyu si tajiri kama alivyoambiwa na kwamba hana urithi wa kumfaa mwanawe. Catherine alikosea kudhani kwamba mwenye nyumba ameua. Hakukosea kumwogopa. Austen aliwafukuza mizuka wote nyumbani, na aliyebaki sebuleni ni mtu anayepiga hesabu ya mali.

Tia saini hapa

Baada ya hapo sikuweza tena kuisoma The Mysteries of Udolpho kama nilivyoizoea.

Radcliffe alilipwa pauni 500 kwa riwaya hiyo mwaka 1794, kiasi ambacho wakati ule kiliwashangaza watu, na kilichokumbukwa zaidi ndani yake ni pazia jeusi. Msichana Emily analifunua, anazirai, na msomaji haelezwi alichokiona mpaka mwishoni, anapoambiwa kuwa ilikuwa sanamu ya nta. Wapo waliochukizwa na desturi hiyo ya Radcliffe ya kuwaonyesha mizuka na kisha kuwaeleza kwamba hapakuwa na mzuka. Msomaji wa Kiswahili aliyelelewa na Bwana Msa hana sababu ya kuchukizwa: katika Mzimu wa Watu wa Kale, iliyochapishwa mwaka 1960, Muhammed Said Abdulla naye anamwacha maiti mahali pa mizimu, watu wanaogopa, halafu mpelelezi wake anawasha kiko na kuanza kuuliza nani alikuwa wapi.

Lakini angalia kilichobaki Udolpho baada ya mizuka kuondolewa. Montoni, bwana wa kasri la Udolpho, amemwoa shangazi yake Emily kwa kudhani ni tajiri kuliko alivyo, na anataka atie saini ili mashamba yake ya Ufaransa yawe ya mumewe. Mke anakataa. Anafungiwa mnarani, anaugua, anakufa. Haki ya mashamba inamwangukia Emily, na Montoni anamgeukia yeye na karatasi zile zile. Msichana peke yake, katika nyumba asiyoweza kutoka, mbele ya mwanamume mwenye kalamu na wino: hicho ndicho kitisho, na hakihitaji nta.

Wanawake wa Uingereza waliomsoma Radcliffe walikijua vizuri. Kwa sheria ya kwao, mali ya mwanamke aliyeolewa iliingia mikononi mwa mumewe, na haikurekebishwa ipasavyo mpaka sheria za mwaka 1870 na 1882. Ellen Moers, aliyeandika mwaka 1976 kuhusu Ugothi wa wanawake, alitufundisha kuziona riwaya hizi kama mahali ambapo mwanamke aliweza kusema hofu zake. Mimi ningeongeza tu kwamba mara nyingi hofu hiyo ina mstari wa nukta chini kwa ajili ya saini. Wilkie Collins, katika The Woman in White ya miaka ya 1859 na 1860, hakuficha kitu: Sir Percival anamtaka mkewe atie saini karatasi iliyokunjwa bila kuisoma, na siri anayoilinda kwa maisha yake ni kwamba alighushi daftari la ndoa la kanisa ili aonekane mrithi halali. Nathaniel Hawthorne, huko Marekani mwaka 1851, alikwenda mbali zaidi. Nyumba yake yenye paa saba imejengwa juu ya kiwanja kilichotwaliwa kwa mtu aliyenyongwa kwa kusingiziwa uchawi, na nyuma ya picha ya babu wa ukoo imefichwa hati ya ardhi, ambayo inapopatikana haina thamani tena. Hawthorne mwenyewe alikuwa mtoto wa kitukuu wa mmoja wa mahakimu wa kesi za uchawi za Salem za mwaka 1692.

Yule mama angelipata jalada hilo katika siku yake ya kwanza ya kazi.

Asiye na fungu

Hata hivyo nilisita. Nadharia inayoeleza kila kitu huwa naiogopa kuliko mizuka, nikajipa kazi ya kutafuta riwaya ambayo itaikataa. Nilichagua Frankenstein ya Mary Shelley, nikiwa na hakika kwamba maabara, umeme na barafu ya Kaskazini havina uhusiano na mirathi.

Nilikuwa nimesahau sura ya katikati. Kiumbe alichokiunda mwanasayansi Victor Frankenstein kimejificha kando ya nyumba ya familia maskini na kinajifunza kusema kwa kusikiliza masomo yanayosomwa ndani kwa sauti. Kinachojifunza kuhusu wanadamu ni kwamba mali imegawanywa, kwamba kuna utajiri mkubwa na umaskini wa kutisha, kwamba kuna vyeo, koo na damu ya kuheshimiwa. Kisha kinajitazama na kukuta hakina fedha, hakina ndugu, hakina chochote. Kinapokutana na Victor mlimani, kinazungumza kama mtoto anayemshtaki baba: mimi ningepaswa kuwa Adamu wako. Kinachodai ni fungu, tena fungu dogo, mwenzi mmoja na mahali pa kuishi mbali na watu. Hata jina hakupewa.

Nilikuwa tayari kusema kwamba nimebahatisha, mpaka nilipofika kwenye kiambatisho cha wosia.

Kila anayefundisha somo hili anajua mwaka 1816, baridi ya kiangazi kile baada ya mlima Tambora kulipuka mwaka uliotangulia, na nyumba ya Diodati kando ya Ziwa Geneva ambako mshairi Byron aliwapa wageni wake changamoto ya kutunga hadithi za mizuka. Mary Shelley alianza Frankenstein, na kutoka mkusanyiko ule ule John Polidori akapata hadithi ya mnyonya damu iliyochapishwa mwaka 1819. Hatusimulii sana kilichotokea Agosti. Aliwasili Matthew Lewis, aliyepata sifa na lawama kwa kuchapisha The Monk mwaka 1796 akiwa na umri wa miaka 20. Aliwasimulia hadithi za mizuka, ambazo Percy Shelley, mwenzi wa Mary, aliziandika. Tena, katika nyumba ile ile, Lewis aliandika kiambatisho cha wosia wake, na mashahidi waliotia saini walikuwa Byron, Shelley na Polidori.

Wosia ulihusu mashamba ya miwa ya Jamaika.

Lewis aliyarithi kwa baba yake mwaka 1812, pamoja na watu zaidi ya 500 waliohesabiwa kuwa sehemu ya mashamba hayo. Alikuwa ndiyo kwanza ametoka huko. Alikuwa amepiga marufuku mijeledi kwake, na wosia ulimtaka mrithi wake aende kukaa Jamaika kwa vipindi ili ahakikishe watu wale hawateswi. Hakuwaacha huru. Alirudi huko mara ya pili, na mwaka 1818 alikufa kwa homa ya manjano baharini akiwa njiani kurudi Uingereza.

Nimelitafakari tukio hilo kuliko jambo lolote jingine katika usomaji huu. Msichana anaandika kuhusu kiumbe kinachomdai muumba wake. Kando ya ziwa hilo hilo, kiangazi hicho hicho, wanaume walioanza naye mchezo wa mizuka wanatia saini karatasi inayoamua nani atawarithi binadamu 500. Sidai kwamba wosia ule uliingia katika riwaya. Riwaya ilikwisha kuanza miezi miwili kabla. Ninachodai ni kwamba walioandika kuhusu makasri ya Italia na nyumba za watawa za Hispania hawakuhitaji kwenda mbali kupata nyumba yenye minyororo chini ya sakafu, maana wengine walikuwa wakila mapato yake.

Sukari

William Beckford, mwandishi wa Vathek ya mwaka 1786, alirithi akiwa mtoto utajiri mkubwa uliotokana na mashamba ya Jamaika, akaujengea Fonthill Abbey, nyumba ya Kigothi yenye mnara mrefu kupita kiasi. Aliiuza mwaka 1822. Mwaka 1825 mnara ukaanguka.

Kwa Charlotte Brontë hesabu zimeandikwa wazi ndani ya Jane Eyre, riwaya ya mwaka 1847, nami sijui niliwezaje kuzipita. Baba yake Rochester hakutaka kuigawa mali, akampa mwana mkubwa yote. Msomaji aliyekua na mirathi ya Kiislamu, ambamo kila mrithi ana fungu lake lililotajwa, atashangaa jinsi riwaya nyingi za Kiingereza zinavyoanzia kwenye dhuluma hii ya halali. Ili mwana mdogo, ndiye Rochester, naye asiwe maskini, alitafutiwa mke Jamaika, Bertha Mason, aliyekuja na pauni 30,000. Huyo ndiye anayecheka usiku katika dari la Thornfield, nyumba ya Rochester. Tukiuliza swali la karani, mzuka wa nyumba hii ni mwanamke ambaye fedha zake ndizo zilizomwezesha mumewe kuishi kibwana.

Na Jane? Jane tunampenda. Anarithi pauni 20,000 kwa ami yake aliyeishi Madeira, anazigawa kwa haki na binamu zake watatu, kila mmoja 5,000. Lakini ami yule alikuwa mshirika wa kibiashara wa familia ile ile ya Mason, na ndiyo maana habari za ndoa ya Jane na Rochester zilimfikia kaka yake Bertha. Brontë hasemi fedha zile zilitokana na nini. Anatuonyesha tu barabara zilizopita. Mwaka 1966 Jean Rhys, mzaliwa wa Dominika ya Karibi, aliiandika hadithi ya Bertha kwa upande wake, akampa jina jingine, utoto na nyumba ya kwao iliyoungua kabla ya Thornfield.

Sheria ya kukomesha utumwa katika himaya ya Uingereza ilipitishwa mwaka 1833, na serikali ilitenga fidia ya pauni milioni 20. Waliolipwa ni waliokuwa wamiliki. Mwaka 2018 Hazina ya Uingereza ilitangaza kwamba mikopo iliyotokana na fidia hiyo ilimalizwa kulipwa mwaka 2015, maana yake walipakodi wa kizazi changu, wakiwamo wajukuu wa watumwa walioishi Uingereza, waliichangia. Walpole aliishia kizazi cha nne.

Jahazi la mwaka 1886

Kuna riwaya moja ambayo hii nadharia inaileta mpaka pwani yetu. Rider Haggard alianza kutoa She kwa mfululizo katika gazeti la The Graphic mwezi Oktoba 1886. Inaanza na sanduku la chuma la urithi, ambalo kijana Leo anafunguliwa akitimiza miaka 25. Ndani mna kigae chenye maandishi ya bibi yake wa kale wa Misri, anayewaachia wazao kisasi cha kulipa katikati ya Afrika. Leo na mlezi wake wanakuja kwa jahazi, linazama karibu na pwani ya mashariki, wanaingia bara, na huko wanamkuta malkia mweupe asiyekufa, akitawala watu kati ya makaburi. Nahodha Mwarabu wa jahazi, Mahomed, analipa kwa roho yake, na riwaya haimlilii sana.

Wahakiki wameliita tawi hili Ugothi wa kibeberu. Mfululizo ulikuwa haujamalizika wakati Uingereza na Ujerumani zilipopatana, Novemba 1886, kwamba eneo la Sultani wa Unguja huku bara ni ukanda wa maili 10 tu kutoka pwani, na kujigawia maeneo ya nyuma yake. Wasomaji wa London waliweza kusoma katika msimu mmoja jinsi Mwingereza alivyorithi kigae kinachompa shughuli Afrika, na jinsi Afrika ilivyogawanywa kwa karatasi ambayo wenyeji hawakuiona.

Katika riwaya kuna laana. Katika mapatano hakuna.

Mteja wa Transylvania

Dracula nitaipitia haraka, kwa sababu yule mama aliimaliza mwenyewe kwa sentensi moja mara aliposikia kazi ya Jonathan Harker. Harker ni wakili aliyehitimu juzi. Anapanda treni kwenda milima ya Transylvania ili kukamilisha mauzo ya nyumba, akiwa na picha za jengo la Carfax, maelezo ya kiwanja cha ekari kama 20, na karatasi za kutia saini. Mteja wake anataka kujua kama anaweza kuajiri mawakili kadhaa kwa wakati mmoja, bila mmoja wao kuyajua mambo yake yote. Kisha anaingia Uingereza na masanduku 50 ya udongo wa kwao, kwa kuwa hawezi kulala ila katika ardhi yake.

"Huyo anajua ardhi," alisema.

Bram Stoker aliichapisha mwaka 1897, wakati Waingereza walipokuwa wamezoea kununua nchi za wengine. Mhakiki Stephen Arata alionyesha mwaka 1990 kwamba wanachokiogopa humo ni kufanyiwa wao walichowafanyia wengine.

Marehemu hana wakala

Sasa nifikie shaka iliyonilaza macho zaidi. Ikiwa yote haya ni migogoro ya mali, kwa nini tusisome majalada ya mahakama? Mtu hanunui riwaya ya Kigothi kwa ajili ya hati. Anainunua kwa ajili ya ule mlango unaofunguka taratibu, na mwalimu anayemwondolea mlango huo ili ampe somo la sheria amemwibia.

Nadhani jibu liko katika kile ambacho majalada hayana. Mahakamani marehemu haitwi kutoa ushahidi. Sheria za Tanzania na Kenya zinampa anayedai ardhi miaka 12. Ikipita, dai lake limekufa hata kama ni la kweli, na kuna sababu nzuri za kuweka ukomo huo, maana bila ukomo hakuna mtu angelala. Mzuka ni mdai ambaye hakuusikia ukomo. Anakuja baada ya miaka 100, hana wakili, hana stakabadhi, mara nyingi hawezi hata kusema, na anachoweza kufanya ni kugonga. Hofu inapanda kwa kuwa msomaji ameshaketi sebuleni na familia, ameshawapenda, na sasa anatambua kwamba anayegonga anaweza kuwa na haki. Hii ndiyo hofu inayopanua, kwa maneno ya Radcliffe. Palipo na watu wanaoishi vizuri ndani ya kitu ambacho madai yake yamefungwa bila kusikilizwa, aina hii ya hadithi haitakosa wasomaji, na sioni nchi ambayo haina watu wa namna hiyo.

Lakini The Turn of the Screw ya Henry James, ya mwaka 1898, inanikatalia. Mizuka wa Bly, nyumba ya riwaya hiyo, ni watumishi wawili ambao hawadai nyumba. Ningeweza kusema kwamba Peter Quint alivaa nguo za bwana wake na aliachiwa kuisimamia nyumba, na kwamba hapo ndipo umiliki ulipoyumba. Wanafunzi wangelikubali hilo. Mimi silikubali. Riwaya ile inaogopesha kwa njia nyingine, pengine kwa kuwa mwenye mali hayupo na hataki kuandikiwa barua, na nitaiacha mahali pake.

Namba 124

Katika riwaya za zamani, mwishowe nyumba inarudi. Theodore, aliyeonekana kuwa mkulima tu, anapata Otranto, ingawa imebaki magofu. Emily anapata mashamba yake. Msomaji anafunga kitabu akijua kwamba mali imefika kwa mwenyewe, na hilo ndilo jambo ninaloliona kuwa la kihafidhina kuliko yote katika Ugothi wa mwanzo: daima yupo mrithi halali, na daima anapatikana.

Toni Morrison aliifunga njia hiyo mwaka 1987. Beloved inatokana na tukio la Margaret Garner, aliyetoroka utumwani Kentucky mwezi Januari 1856 na, alipofikiwa na waliomfuatia huko Cincinnati, akamuua binti yake ili asirudishwe. Katika riwaya, mtoto aliyeuawa anaitesa nyumba namba 124. Sethe, mama wa mtoto huyo, anapendekeza wahame. Mama mkwe wake, Baby Suggs, anamjibu kwamba wahamie wapi, wakati hakuna nyumba katika nchi hii ambayo haijajaa mpaka darini huzuni ya marehemu mweusi.

Nyumba hiyo si ya Sethe. Si ya Baby Suggs. Ni ya Bwana Bodwin, Mzungu aliyepinga utumwa kwa moyo, ambaye alizaliwa humo, na karibu na mwisho tunasikia kwamba anataka kuiuza. Ana haki ya kuiuza. Hati ina jina lake, hakuighushi, hakumwekea mtu sumu, na hakuna wakili atakayepata kosa katika jalada lake. Wanaogonga hawana wosia wa kuonyesha wala sanamu kanisani, kwa sababu katika karatasi zilizoandikwa walipokuwa hai walihesabiwa miongoni mwa mali iliyogawanywa.